Mkebe wa Mutua Hauendi Mumbai

Mwanangu,

Najua ukisoma neno hilo utageuza karatasi haraka uone ni nani ameandika. Ni mimi, Syombua. Usicheke. Wewe ndiye uliyeanza. Tangu nikiwa mtoto wa kubebwa umekuwa ukiniita mwaitu, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yako. "Mama yangu, uji unapoa." "Mama yangu, nani amekuchokoza?" Hapa Migwani hakuna anayeshangaa. Ni shuleni tu nilipata shida, siku ile rafiki yangu ambaye kwao ni Garissa alikusikia ukiniita hivyo langoni, akaniuliza kwa upole kama baba yangu yuko sawa.

Leo nimeamua kukitumia hicho cheo. Miaka kumi na saba nimekuwa mama wa jina tu, mama asiyefungua mdomo. Kesho alfajiri unaondoka kwenda kupanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, unaenda nchi ambayo humjui mtu, kuuza ndengu za kina mama wa kikundi kizima, na mama aliyenizaa yuko Kibwezi kwa dada yake aliyejifungua. Kama kuna wa kukuandikia, ni mimi. Wewe sasa hivi uko Mwingi kunyolewa na kutoa kopi za pasipoti. Mimi niko hapa mezani, begi lako liko wazi mbele yangu, na nataka nimalize kabla sijasikia sauti yako kwenye lango.

Sitakuandikia mambo ya soksi. Viza, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, cheti cha mimea cha zile sampuli za ndengu, chaja yenye pini za mviringo kwa sababu soketi zao si kama zetu, vyote nimevipanga na orodha nimeibandika ndani ya kifuniko cha begi. Hizo ni kazi za mikono. Ninayotaka kusema ni yale ambayo kwa mdomo hayatoki. Wewe unanijua. Nikitaka kusema kitu, shingo inapata moto, halafu nasema "hakuna kitu", halafu naenda kufagia.

Utaniambia nashuku watu sana. Hata Jumapili uliniambia, "Mwaitu, wewe sasa unamshuku hata pasta." Ni kweli. Lakini hujawahi kuniuliza nilianza lini, na mimi najua siku yenyewe.

Unakumbuka lori lililorudishwa kutoka Mombasa mwaka jana? Kabla halijaenda, yule mnunuzi wa Mombasa alipiga simu. Ulinipa simu kama kawaida, kwa sababu mimi ndiye wa Kiingereza na wewe ni wa Kikamba na Kiswahili. Ulikuwa unafunga gunia na sindano iko mdomoni. Yule mtu alikuwa na haraka. Aliniuliza, "Moisture below thirteen?" Baba, mimi nilijua moisture ni nini. Ni unyevu, tulisoma. Sikujua unyevu unaweza kuwa na namba. Nilitaka kumwambia arudie. Nilitaka kukuuliza. Lakini wewe ulikuwa unanitazama kwa ile furaha yako, binti yako anaongea Kizungu, na kina mama watatu waliokuwa wakipepeta walikuwa wameacha ungo zao kunisikiliza. Shingo ikapata moto. Nikasema, "Yes." Akauliza tena, "You have tested?" Nikasema, "Yes, yes." Ulipouliza amesema nini, nikakuambia, "Anauliza kama ndengu ni safi."

Hatukuwa tumepima chochote. Lori lilifika Mombasa, wakaingiza kile chuma chao cha kupimia unyevu kwenye magunia, wakakataa yote. Yaliporudi hapa mengine yalikuwa yameota ukungu. Uliwaona kina mama wakianika upya uani, hakuna aliyekulaumu, na hilo ndilo lilikuuma zaidi.

Halafu ukaenda sokoni, dukani kwa Mutua muuza nafaka. Magunia yalikuwa yamelala kwenye stoo yake siku nne kabla ya safari, na mvua ilikuwa imenyesha, kwa hivyo ukaona umepata mwenye kosa. Mimi nilikuwa nyuma yako. Ulimwambia mbele ya watu wote, "Stoo yako inavuja kama kikapu! Umeninyeshea mali ya wajane!" Mutua akaweka ngazi ukutani akasema, "Panda. Panda wewe mwenyewe unionyeshe tundu." Hukupanda. Mimi nilijua hakuna tundu. Nilijua tundu liko wapi. Nikanyamaza, nikabeba mfuko wetu wa sukari tukaenda nyumbani.

Hiyo ndiyo siku. Tangu wakati huo nikimwona mtu mpole, mtaratibu, anayejibu vizuri, najiuliza anaficha nini. Nimeona vile uso unaweza kutulia na ndani kuna uongo. Niliuona kwenye kioo chetu cha kuchania nywele.

Nisamehe. Nilipaswa kukuambia hili siku ile uliyomchinjia Mutua jogoo kuomba msamaha. Ulimwomba msamaha kwa sababu ya maneno makali tu. Hukujua kwamba hakukosa hata kidogo. Na mzigo huo umekufanya uwe laini kwake. Kila anachosema, unaona ukikataa utakuwa umemwaibisha mara ya pili. Mimi ndiye niliyekulainisha.

Ndiyo maana nilikuwa nimekaa kama niko juu ya miiba Jumapili ile alipokuja kunywa chai. Ngoja nikukumbushe vile mliongea, kwa sababu mimi nilikuwa jikoni na nilisikia kila neno.

Mutua alisema, "Mwangangi, begi lako la ndege si lina nafasi?"

Ukasema, "Ĩĩ."

"Mimi ndiye niliyekutafutia huyu mnunuzi wa Mumbai, si ni kweli?"

"Ĩĩ."

"Sasa nina kamkebe kadogo tu. Unga wa wimbi. Kuna binamu yangu anasoma huko, amekosa uji kabisa."

"Ĩĩ."

"Utampa ukifika uwanjani, atakuja mwenyewe."

"Ĩĩ."

"Basi asante sana ndugu yangu. Mungu akuweke."

"Ĩĩ... Eh? Nini?"

Na yeye alikuwa ameshasimama, ameshika kofia. Nilitaka kucheka na kulia. Hukuwa umekubali. Ulikuwa unasikiliza! Sisi mtu akiongea, tunamsindikiza na ĩĩ ili ajue hatujalala. Ĩĩ, nakusikia. Ĩĩ, endelea. Mutua ni Mkamba kama wewe, anajua vizuri ĩĩ ya kusikia na ĩĩ ya kukubali. Alichukua ile moja akaiita nyingine. Mtu aliyefanya hivyo kwa makusudi kwenye chai, atafanya nini kwenye jambo kubwa?

Jumatano akaleta mkebe. Mkebe wa mafuta ya kupikia, umezungushiwa utepe wa gundi mara nyingi, halafu ukashonewa kwa kitambaa cha gunia. Ulimwuliza jina la binamu. Akasema, "Usijali jina, shemeji yangu atakutambua kwa shati." Jumapili alikuwa binamu, Jumatano amekuwa shemeji. Na wewe ukauweka kwenye begi, katikati ya mashati, ukaniambia, "Ni unga tu, mama yangu. Nilishamtukana mara moja huyu mtu."

Ulipolala mchana niliutoa nikaunusa. Ulinukia kahawa. Sijui unga wa wimbi unafanya nini na kahawa, na nimewahi kusoma kwamba kahawa huficha harufu za vitu vingine. Nilipoutikisa, haukutoa ile sauti laini ya unga. Lakini sikusema. Nilienda kufagia.

Pengine ni unga. Naandika hili ili usiseme nimemhukumu. Pengine ana binamu na shemeji, na wote wanapenda uji, na wanaupika na kahawa. Mimi sijui kilichomo. Hilo tu ndilo nalijua, kwamba sijui, na wewe hujui, na kwenye ile fomu ya uwanja wa ndege kuna swali: je, begi umelipanga wewe mwenyewe, je, kuna mtu amekupa kitu? Utaulizwa kwa Kiingereza. Utasema nini? Nakujua. Utasema, "Yes, yes, yes." Utakuwa unamsikiliza yule afisa tu, kwa heshima, na atakuwa ameandika. Na mimi sitakuwa hapo nyuma yako na shingo yangu ya moto. Watakushika katika nchi ambayo hata ukilia kwa Kikamba hakuna atakayejua ni kilio.

Nilikaa na hilo siku tatu. Halafu nikakumbuka kitu ambacho wewe mwenyewe ulinihadithia kuhusu Susu, mama yako mzazi, mwenye jina langu. Ati akipewa mzigo wa kupelekea mtu Mwingi, hata kama ni ndizi, aliufungua mbele ya aliyempa, akaangalia, akaufunga tena huyo mtu akiona. Ati watu walimwona mkorofi. Ukacheka, ukasema, "Lakini hakuna siku alibeba asichokijua."

Leo asubuhi ulipotoka, niliutia ule mkebe kwenye kikapu changu cha kyondo nikaenda sokoni.

Mutua alikuwa anampimia mama mmoja mbegu za mtama. Aliponiona akaacha mizani. "Ala! Binti wa Mwangangi! Leo bubu ameletwa na nani?"

Nikasema, "Nimejileta."

"Baba amesahau nini?"

Nikaweka mkebe juu ya kaunta. Nikamwambia, "Fungua tuone, halafu nishone tena mimi mwenyewe. Nimekuja na sindano."

Akatabasamu. "Unga ukifunguliwa unaingia wadudu."

"Nitaufunga vizuri."

"Wewe msichana, unanishuku?"

Baba, hapo ndipo huwa nasema "hakuna kitu". Yule mama wa mtama alikuwa ananitazama. Nikasema, "Ndiyo."

Neno dogo hivyo. Sikuanguka.

Halafu, kwa vile mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamwambia na lile lingine. Nilimwambia stoo yake haikuvuja. Nilimwambia ni mimi nilidanganya kwenye simu, ndengu zilitoka kwetu zikiwa na maji, na wewe ulimtukana bila kujua.

Akasema, "Najua haivuji. Niliijenga mwenyewe." Halafu akaegemea kaunta, sauti ikawa tamu. "Kwa hivyo umekuja kuniambia kwamba baba yako alinikosea bure. Alinivunjia jina sokoni. Na bado hawezi kunibebea hata kamkebe?"

Unaona vile ni mjanja? Alichukua ukweli wangu akaugeuza kamba. Na kwa kweli ilinikaza, kwa sababu nilikuwa nimesema ukweli na nilidhani ukweli ukishasemwa unakuja na malipo ya kukuachilia. Hauji. Nilimwambia, "Alikukosea. Mimi nilikukosea zaidi. Tutakuja kuomba msamaha hapa hapa sokoni, mbele ya hao hao watu. Lakini mkebe hawezi kuubeba."

"Ni Mwangangi amesema?"

"Hapana."

"Sasa wewe mtoto ndiye unakataa kwa niaba ya mtu mzima?"

Nikamwambia, "Kwake mimi si mtoto. Mimi ni mama yake. Na mama yake amekataa."

Yule mama wa mtama alicheka hadi akaangusha mfuko. "Mutua, hapo umeshikwa! Mwaitu amekataa! Utaenda kumshtaki mwaitu kwa nani?" Mutua pia alicheka, lakini kwa meno tu. Angeweza kuufungua. Unga ungekuwa unga, ningeaibika, na yeye angepata hadithi ya mwaka mzima. Badala yake aliuchukua akauweka chini, karibu na miguu yake. Sijui kwa nini hakuuweka kwenye rafu.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Mwambie mwanao kesho nitakuwa stendi kumsindikiza. Tutaongea wanaume wawili."

Kwa hivyo hii haijaisha, mwanangu. Kesho saa kumi na moja alfajiri atakuwa pale na kofia yake, na kitu kwenye mfuko wa koti, na ataongea haraka kwa sababu gari linanguruma. Na wewe utakuwa unasema ĩĩ, ĩĩ, ĩĩ.

Nakuomba hiyo ĩĩ uiache hapa nyumbani, ndani ya ile droo ya funguo mbovu. Haiendi nje ya nchi. Nimesoma kwamba hata huko Mumbai wana yao. Mtu anayumbisha kichwa upande na upande, unadhani amekataa, kumbe anakusikia tu, ama anakubali nusu. Wewe na mnunuzi wako mnaweza kukaa siku nzima, yeye anayumbisha na wewe unaitikia, na jioni kila mmoja aende nyumbani na mkataba tofauti kichwani. Kwa hivyo ukimaliza kuongea, mwambie aseme kwa mdomo, halafu aandike. Na wewe ukiwa unasikiliza tu, mwambie kwa Kiingereza, "I am listening." Tumeifanyia mazoezi. Ulisema vizuri.

Mkutano ni "ten" yao. Hiyo ni saa nne asubuhi kwa hesabu yetu, si saa kumi. Usicheke, ulikuwa umeshaandika saa kumi kwenye daftari, nimefuta. Na huko wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Hata mimi hiyo nusu niliishuku, nikaangalia mara tatu.

Atakayekupokea uwanjani, usimwulize, "Wewe umetumwa kwa Mwangangi?" Kila mtu atasema ndiyo. Nyamaza. Mwache yeye aseme jina lako kwanza, na jina la kampuni. Kunyamaza si lazima kuwe uoga kila mara. Ni mimi tu niliyenyamaza vibaya. Pasipoti, hoteli wakitaka kopi simama hapo hapo mpaka wairudishe mkononi. Mwenyeji akisema atakuwekea salama, mwambie mama yako hakubali. Atadhani una mama mzee mkali nyumbani. Mwache adhani hivyo.

Karatasi yoyote ya kutia sahihi, hata wakiwa wameleta chai na vitamu, hata kama wote wamesimama na kalamu, ipige picha unitumie. Tumefunga shule, niko hapa, nimenunua bando. Nitaisoma neno kwa neno. Na safari hii nikikuta neno nisilolijua, nitakuambia silijui. Nitamwuliza mwalimu wangu wa biashara. Hata akinicheka darasa zima likijua. Huyo binti aliyesema "Yes" na sindano iko mdomoni mwako, usimpe simu tena. Mpe huyu wa leo asubuhi.

Na ukikaa kula, utaona kitu. Nimesoma wanapika ndengu huko kila siku, wanakula na chapati. Mwenyeji wako hali nyama, kwa hivyo usimhadithie mambo ya mbuzi wa kuchoma. Mwambie tu kwamba hata kwetu ndengu na chapati ndiyo Jumapili. Nafikiri hapo hamtahitaji mkalimani. Nafikiri hapo ndipo biashara itaanza, si kwenye karatasi. Ona sasa, mimi mwenye kushuku nimemwamini mtu kwa sababu ya chapati.

Naogopa vile utakavyokasirika. Si kwa sababu ya mkebe, kwa sababu ya lori. Ulimwaga jasho lile lote ukidhani ni mvua iliyokukosea. Ukitaka kunikemea, nikemee. Ukitaka kuwaambia kina mama wa kikundi, nitakuja nisimame nao mimi mwenyewe, na najua nitatafuta ufagio kwanza, lakini nitakuja. Usinyamaze tu. Mambo ya kunyamaza nayajua mimi.

Barua hii naiweka pale pale mkebe ulipokuwa, katikati ya shati la bluu na lile jeupe. Nakujua, lazima leo jioni utaingiza mkono kuangalia kama unga wa watu uko salama. Utagusa karatasi.

Ukimaliza kusoma, njoo jikoni. Nitakuwa nakanda unga wa chapati. Nataka kukuuliza jambo moja: kesho kwenye stendi, Mutua akikunyooshea kitu, utakipokea?

Nijibu ndiyo ama hapana. Usiniambie ĩĩ.

Mama yako,
Syombua